Kabla ya kununua dawa nyeupe ya kuziba meno: barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya Lamu

Kwa Mheshimiwa Gavana, kwa Waziri wa Afya wa Kaunti, kwa wajumbe wa kamati ya afya katika bunge la kaunti, na kwa maafisa wa ununuzi.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu. Sisi ni watu wa kazi ya meno, wengine visiwani na wengine bara, na tunaandika mapema kwa makusudi. Makadirio ya bajeti hutakiwa kufika bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na kilichoandikwa humo vibaya hukaa mwaka mzima wa fedha. Kwa upande wa meno, siku hizi kinachoombwa ni kimoja: vijazo vyeupe, vya rangi ya jino. Tunaunga mkono. Lakini tunaomba mjue mnanunua nini, kwa sababu bomba la dawa nyeupe ni sehemu ndogo ya kazi, na kwa Lamu si sehemu ya kwanza kununuliwa.

Sababu ya kuhama inajulikana. Kijazo cha kijivu, yaani amalgamu, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulitiwa saini Japani mwaka 2013, Kenya ikiwa miongoni mwa waliotia saini. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha wasiwekewe amalgamu, ila pale mtabibu anapoona hapana budi. Novemba 2025, huko Geneva, zikakubaliana kuwa matumizi yake yakome ifikapo 2034. Umoja wa Ulaya umeshaachana nayo tangu tarehe 1 Januari 2025. Kwa hiyo anayeweka mpango wa miaka kumi kwa kutegemea amalgamu anapanga juu ya kitu kinachoondoka sokoni. (Kwa aliye nayo mdomoni na ni nzima, haikutoboka wala kuvunjika: aiache. Kuichimba ili tu jino liwe jeupe hurusha mvuke wa zebaki na hula jino zima bure.)

Tatizo ni kwamba amalgamu ilikuwa mvumilivu. Ilishindiliwa shimoni hata kama ute umepita kidogo, ikakaza yenyewe bila taa, ikakaa kabatini joto la kaskazi bila kulalamika. Kompositi, ambayo ndiyo hiyo dawa nyeupe inayotamaniwa, haina uvumilivu huo. Ni resini, yaani aina ya plastiki, iliyochanganywa na chembe ndogo za glasi. Hushikana na jino kwa gundi, na hukazwa kwa mwanga wa bluu. Gundi ikikosea, au mwanga ukipungua, kijazo kitaonekana kizuri siku ya kwanza na mgonjwa ataondoka ametabasamu. Mwaka haujaisha atarudi akisema dawa nyeupe haina nguvu, ang'olewe tu.

Tutaeleza hatua zenyewe, kwa kuwa kila hatua ina kitu chake kwenye orodha ya ununuzi, na kitu kimoja kikikosekana vilivyobaki vimepotezwa.

Jino likishasafishwa, hupakwa asidi ya fosforiki ya asilimia 37: juu ya enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, sekunde 15 hadi 30, juu ya dentini, tabaka lililo chini yake, zisizidi 15. Huoshwa kwa maji sekunde 10 hadi 15. Enameli ikipulizwa hewa huonekana nyeupe isiyong'aa, mithili ya chokaa. Isipoonekana hivyo asidi haikushika. Dentini, kinyume chake, haitakiwi kukauka kabisa. Iachwe na unyevu kidogo, ing'ae lakini maji yasituame, kwa sababu ikikaushwa sana nyuzi zake hulala na gundi haipati pa kupenya. Gundi husuguliwa sekunde 20, hupulizwa taratibu mpaka isionekane ikitembea, kisha humulikwa sekunde 10 au kama kiwanda kinavyoagiza. Ndipo kompositi huwekwa, tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi milimita 2, na kila moja limulikwe peke yake. Tabaka ni lazima kwa sababu mbili: mwanga hauendi mbali ndani ya dawa, na kompositi ikikaza husinyaa, kwa kawaida asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Ukijaza shimo lote kwa mkupuo, kusinyaa huko huvuta kingo, hubakiza mwanya, na mgonjwa hurudi na jino linalouma kila anapotafuna. Zipo kompositi zinazoruhusu milimita 4 kwa mara moja, lakini lazima ziwe zimeandikwa hivyo na kiwanda. Si kila bomba linaruhusu.

Sasa ute. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na hapa ndipo bajeti hukatwa kwanza. Baada ya asidi, tone la mate au damu likigusa jino kabla ya gundi kukazwa, kinachopakwa hapo ni rangi ya jahazi juu ya ubao uliolowa. Jino lioshwe, lipakwe asidi tena, lianzwe upya. Utando wa mate hauonekani kwa macho. Kwa hiyo hakuna atakayelaumiwa siku ile, na kijazo kitatoka kizima kizima baada ya wiki chache, au kitakaa huku bakteria wakipita chini yake na mstari wa kahawia ukichora kingo.

Kinachozuia ni mpira wa kutenga jino: kipande cha mpira mwembamba cha sentimita 15 kwa 15, kinachotobolewa na kuvishwa jino ili libaki nje peke yake huku ulimi, shavu na mate vikibaki nyuma. Seti yake ni mpira wenyewe, kitobozi, koleo, fremu, na vibanio vya aina tatu angalau: vya magego, vya magego madogo, na vya meno ya mbele. Vibanio viwe vya chuma kisichoshika kutu, na hata hivyo hewa yetu ya chumvi itavila. Wekeni kwenye mkataba kwamba vitabadilishwa, na kila kibanio kifungwe uzi wa meno kabla ya kuingia mdomoni, kwa sababu kikivunjika kisifike kooni. Agizeni pia boksi moja la mpira usio wa lateksi kwa wenye mzio. Vifaa hivi si ghali ukilinganisha na kompositi itakayopotea bila hivyo. Ajabu ni kwamba mara nyingi kompositi huagizwa kwa mabomba mengi na mpira wa kutenga haumo kabisa kwenye orodha.

Kisha kompresa. Hewa inayopulizwa kwenye jino lazima iwe kavu na isiwe na mafuta. Katika unyevu wa Lamu tangi la kompresa hukusanya maji kila siku. Lisipotolewa asubuhi na jioni, maji hayo hupanda kwenye mrija na kutua juu ya dentini iliyokwisha kutayarishwa. Mtihani wake hauhitaji mtaalamu: puliza hewa kwenye kioo cha mdomo au karatasi laini kwa sekunde kumi. Ukiona ukungu au doa la mafuta, kazi ya kompositi isimame siku hiyo. Tunaomba kompresa isiyotumia mafuta, yenye kichujio cha unyevu, na jina la mtu mmoja katika kila kituo ambaye kazi yake ni kufungua bomba la chini la tangi. Mashine ya kufyonza mate nayo iwe inafyonza kweli. Ile inayokoroma bila kuvuta ihesabiwe mbovu.

Taa ya bluu ni jambo la pili kwa ukubwa, na ndilo lenye udanganyifu zaidi. Taa dhaifu huwaka bluu sawasawa na taa nzima. Jicho haliwezi kutofautisha. Tabaka la milimita 2 huhitaji takriban jouli 16 kwa sentimita ya mraba. Taa yenye nguvu ya miliwati 800 kwa sentimita ya mraba hutoa kiasi hicho kwa sekunde 20; yenye miliwati 400 itahitaji sekunde 40. Chini ya 400 tunashauri isitumike. Nguvu hushuka kwa sababu za kawaida kabisa: betri imezeeka, ncha imegandiwa na resini, ncha imepasuka ilipoanguka, karatasi ya kujikinga na maambukizi imekunjwa mara tatu. Na kila milimita ncha inapokaa mbali na jino, mwanga hupungua. Shimo la ubavuni mwa gego huweza kuwa na kina cha milimita 6, kwa hiyo tabaka la chini kabisa, lile linalokaa karibu na ufizi na ndilo huoza tena kwanza, ndilo linalopata mwanga hafifu kuliko yote. Hapo muda uongezwe maradufu.

Nunueni kipima mwanga kimoja kwa kila kituo chenye taa, na daftari la kuandika kipimo kila wiki. Kikikosekana, upo mtihani wa mkono. Kata kipande cha mrija usiopitisha mwanga, urefu wa milimita 10. Jaza kompositi. Mulika upande mmoja kwa sekunde 20. Isukume nje, kwangua laini yote kwa kijiko cha plastiki, pima kilichobaki kigumu, kisha gawa kwa mbili. Kikibaki cha milimita 4, taa hiyo inakaza tabaka la milimita 2 kwa usalama. Kikibaki cha milimita 2, basi kila tabaka lililowekwa kwa taa hiyo katika wiki zilizopita lilikuwa laini kwa ndani, na wagonjwa hao wataanza kurudi.

Na miwani ya rangi ya chungwa si pambo. Mwanga wa bluu unaumiza macho, kwa hiyo asiye na kinga hugeuza uso anapomulika, mkono ukasogea, na mwanga ukapiga shavu badala ya jino. Kinga ya macho kwa mtabibu, msaidizi na mgonjwa ni sehemu ya ubora wa kijazo.

Mwanga una upande wa pili pia. Dawa huanza kukaza kwa mwanga wowote, hata wa taa ya kiti na wa jua. Vyumba vingi vya matibabu vina dirisha kubwa kwa ajili ya upepo. Pazia, na kifuniko cha rangi ya chungwa juu ya dawa iliyokwisha kukamuliwa, vinatosha.

Joto. Viwanda vingi huagiza kompositi ihifadhiwe chini ya nyuzi 25, na gundi nyingi kati ya nyuzi 2 na 8. Wakati wa kaskazi chumba kisicho na kiyoyozi hapa hupita 30 mchana kutwa. Gundi nyingi huyeyushwa kwa asetoni au kwa alkoholi ya ethanoli. Chupa ikiachwa wazi dakika chache kwenye joto hilo, kiyeyushi hupaa na kilichobaki ni kizito kisichopenya. Kila kituo kiwe na friji ndogo ya dawa za meno. Tusiambiwe tutumie friji ya chanjo: hiyo ni ya chanjo peke yake, na kila kufunguliwa kwa ajili ya bomba la kompositi ni hatari kwa chanjo za watoto. Dawa itolewe kwenye friji mapema, saa moja hivi kabla ya kazi, ikiwa imefungwa. Ikifunguliwa ingali baridi, unyevu wa hewa yetu hutonesha maji juu yake, na tumerudi kwenye shida ya ute kwa mlango mwingine.

Kuhusu kiasi cha kuagiza, tutatoa mfano wa hesabu. Kijazo cha wastani hula robo gramu hivi ya kompositi. Bomba la gramu 4 kwa hiyo hutoa vijazo 15 au 16. Kituo kinachotarajia vijazo 40 kwa mwezi kinahitaji takriban gramu 120 kwa mwaka, yaani mabomba 30. Gundi ni hesabu tofauti: chupa ya mililita 5 hutoa matone 150 hivi, kwa hiyo chupa tano au sita zatosha mwaka huo wote. Anayeagiza chupa moja kwa kila bomba atatupa nyingi zikiwa zimeisha muda. Rangi nazo: viwanda huuza seti kamili za rangi nyingi, na kipimo cha rangi kinachotumika sana kina rangi 16. Msinunue seti kamili. Chukueni zile zenye alama A2, A3 na A3.5 kwenye kipimo hicho, zaidi ya nusu iwe A3, na bomba moja moja la rangi nyingine kwa meno ya mbele. Gego halihitaji mechi kamili ya rangi. Kwa jino la mbele, rangi ichaguliwe kabla jino halijakaushwa, kwa kuwa jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo, na kesho yake kijazo kitakuwa alama. Mzigo uletwe kwa awamu nne kwa mwaka, si mara moja.

Kitu kidogo kinachosahaulika: utepe wa chuma unaozungushiwa jino wakati wa kuziba ubavuni. Utepe wa mviringo wa zamani ulifaa amalgamu, kwa sababu amalgamu hushindiliwa kwa nguvu na kuusukuma utepe ukutane na jino jirani. Kompositi haina nguvu ya kusukuma. Ukitumia utepe ule ule, pengo hubaki kati ya meno, na nyama na nyuzi za embe hukaa humo mpaka ufizi uvimbe. Zinahitajika tepe fupi zilizopinda, pete ya kutenganisha meno, na kabari za saizi tatu. Halafu karatasi ya rangi ya kupimia mng'ato, maana kijazo kilichozidi hata kidogo tu humuumiza mgonjwa kila akitafuna, naye atadhani jino limeoza tena.

Waheshimiwa, mpaka hapa mmeshaona kuwa hatuwezi kuahidi kompositi Kizingitini, Ndau, Kiwayu au Kiunga kama tunavyoweza kuiahidi penye umeme wa uhakika, kompresa kavu na msaidizi wa pili wa kushika mrija wa kufyonza. Na si lazima. Kwa vituo hivyo ipo dawa nyingine ya rangi ya jino: ayonoma ya glasi. Ilianza kuelezwa na wataalamu wa Uingereza mapema miaka ya 1970, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Hushikana na jino kwa kemia yake yenyewe bila gundi, hukaza bila taa, huachia floraidi polepole, na haiogopi unyevu mdogo kama kompositi. Uzuri wake wa macho ni pungufu, na kwa shimo kubwa la ubavuni mwa gego huvunjika mapema. Lakini kwa shimo la juu ya gego la mtoto wa darasa la tatu kule Siyu, ni dawa bora kuliko kompositi iliyowekwa vibaya.

Njia ya kuitumia bila umeme ilianzia kwa majirani zetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980: jino huchimbwa kwa vifaa vya mkono, bila keekee na mara nyingi bila sindano ya ganzi. Maafisa wa afya ya kinywa wa jamii wanaweza kuifanya kwenye darasa la shule, mgonjwa akiwa amelala juu ya meza. Pamba huwekwa kutenga mate. Shimo hupanuliwa kwa kishoka kidogo, uozo laini huchimbuliwa kwa kijiko kuanzia kingoni. Kingo ziwe safi kabisa, lakini karibu na kiini cha jino uozo wa ngozi ngozi uachwe, kwani kuufukuza wote ni kukitoboa kiini. Hupakwa asidi yake dhaifu ya poliakriliki sekunde 10 hadi 15, hufutwa kwa pamba yenye maji mara mbili tatu, hukaushwa kwa pamba, si kwa hewa. Unga na maji yake huchanganywa kwa uwiano wa kiwanda, haraka, ndani ya nusu dakika hivi, na huingizwa shimoni ingali inang'aa. Ikishapoteza mng'ao imechelewa, haishiki tena, itupwe. Kisha kidole chenye glavu na mafuta ya mgando hubonyeza juu kwa nusu dakika, ziada hukwanguliwa, mng'ato hupimwa, mafuta hupakwa tena ili maji yasiiguse mapema. Asile kwa saa moja.

Makosa ya ayonoma nayo yanajulikana. La kwanza ni kuzidisha maji ili mchanganyiko uwe rahisi kukoroga. Kijazo huwa laini na kulika. Dalili yake stoo ni kwamba chupa za maji huisha huku unga umebaki nusu. Mkaguzi akiona hivyo anajua kazi ikoje bila kufungua mdomo wa mgonjwa. La pili ni joto: hapa muda wa kufanya kazi ni mfupi kuliko ulioandikwa kwenye boksi, kwa kuwa boksi limeandikwa kwa chumba cha nyuzi 23 hivi. Kibao cha glasi kikipozwa kidogo na kufutwa kikakauka hurudisha sekunde kadhaa. La tatu ni kununua ayonoma ya kubandikia kofia za meno badala ya ile nzito ya kuzibia. Maboksi hufanana. Tenda iandike wazi: nzito, ya kuzibia magego.

Mbinu hizi mbili zinakutana mahali pazuri. Mgonjwa wa Pate au Faza akija mjini na shimo kubwa, mara nyingi hakuna muda wa kumaliza siku hiyo. Mazoea ya kumwekea dawa ya muda yenye mafuta ya karafuu na kumwambia arudi yana ubaya wake: mafuta hayo huzuia resini kukaza, na mabaki yake yakibaki shimoni kompositi ya baadaye itakuwa laini. Tena kurudi kwenyewe si hakika. Awekewe ayonoma. Akirudi baada ya wiki mbili au miezi sita, juu yake huchongwa kidogo na kompositi huwekwa juu, ayonoma ikibaki chini kama msingi. Asiporudi, bado ana jino lililozibwa.

Na ratiba zifuate maji. Boti ya Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate, inangoja maji yajae, na siku za bamvua saa za kupwa hupangua kila kitu. Mgonjwa aliyepewa saa nne asubuhi kwa mujibu wa karatasi ya ofisi hufika saa saba, au huondoka kabla hajaitwa ili asiachwe. Jedwali la maji kupwa na kujaa hutolewa mapema. Libandikwe kwenye dawati la miadi, wa visiwani wapewe saa zao kwanza, wa mitaa ya mjini, Langoni na Mkomani, wangoje kidogo. Safari za kuelekea Kiwayu na Kiunga zipangwe nje ya ukali wa kusi. Mwezi wa Ramadhani wengi huahirisha mpaka jino liwe halizibiki. Zamu ya usiku baada ya tarawehe, hata mara mbili kwa wiki, ingeokoa meno mengi kuliko mashine yoyote mpya.

Lipo na la muda wa kazi. Kijazo cha kompositi ubavuni mwa gego kikifanywa sawasawa huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Kung'oa huchukua robo saa. Popote ambapo kazi ya meno hupimwa kwa idadi ya wagonjwa waliopita mlangoni, kung'oa ndiko kutakakoshinda, na dawa nyeupe itazeeka kabatini. Pimeni kwa mizani nyingine: meno mangapi yamezibwa kwa kila jino lililong'olewa, na vijazo vingapi vimerudi ndani ya mwaka na kwa sababu gani. Sababu ziandikwe kwa maneno manne tu: kimetoka, kimevunjika, kimeoza pembeni, kinauma. Kikitoka kizima, tazameni mpira na kompresa. Kikioza chini karibu na ufizi, tazameni taa. Kikiuma, tazameni mng'ato na tabaka.

Kwa wagonjwa wenyewe kuna mambo mawili ya kuambiwa kabla, si baada. Tambuu na miraa hutia rangi kingo za kijazo cheupe. Miraa inayosindikizwa kwa soda na bazoka tamu huozesha jino pembeni mwa kijazo, hata kama kijazo kimewekwa na bingwa. Na mtoto anayepakwa dawa ya fedha na floraidi ya asilimia 38 ili uozo usimame, uozo ule utageuka mweusi. Ni dawa nzuri sana, inafaa shule za visiwani, lakini mzazi aoneshwe picha kwanza na akubali.

Zebaki iliyobaki isije ikawa tatizo jipya tunapohama. Mabaki ya amalgamu, na meno yaliyong'olewa yenye amalgamu, yasiingie kwenye tanuri la taka za hospitali, maana moto huipeperusha zebaki hewani. Wala yasioshwe kwenye sinki, kwa kuwa maji yetu yote mwisho wake ni baharini. Yawekwe kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, iandikwe, ihifadhiwe mpaka ikabidhiwe kwa mwenye leseni ya taka hatari.

Tukifupisha mpangilio tunaoomba kwenye makadirio: mwaka wa kwanza, ayonoma nzito na vifaa vya mkono kwa kila kituo chenye afisa wa kinywa, na kwa kituo kimoja au viwili vikubwa, friji, kompresa, mipira ya kutenga, taa mbili (moja ikiwa akiba) na kipima mwanga, pamoja na mafunzo ya siku kadhaa kwa mtabibu na msaidizi wake wakiwa pamoja. Kompositi iingie robo ya pili, vitu hivyo vikiwa vimefika na kujaribiwa.

Siku ya kupokea mzigo, kamati ya upokeaji isiridhike na kuhesabu maboksi. Tarehe ya mwisho wa matumizi iwe mbele kwa miezi 18 angalau. Kompositi na gundi zifike kwenye boksi la baridi, si zimekaa Mokowe gatini mchana kutwa zikingoja boti. Bomba moja lifunguliwe na kukamuliwa: likitoka gumu au la vipandevipande, limepata joto au mwanga njiani, na lirudishwe. Taa ipimwe pale pale mbele ya aliyeileta, na namba iliyosomwa iandikwe kwenye hati ya mapokezi kabla ya saini.

Wenu katika kazi,

Watoa huduma ya kinywa na meno, Lamu